Pilipili Bado Yuko Kivukoni

S.L.P. 318,
Old Korogwe,
KOROGWE.

11 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Shukuru,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Ni mimi dada yako Hilaria, na ukishangaa kupata barua ya karatasi zama hizi, shangaa tu, una haki. U mzima? Ule mgongo uliokuwa unakusumbua kwa kusimama kiwandani kutwa nzima umepata nafuu? Baridi ya huko Bursa imeshaanza au bado mnavaa mashati mepesi? Huku mimi ni mzima, cherehani inazunguka, ila macho yameanza kunigomea kwenye tundu la sindano. Mama yako, mama mdogo Evodia, hajambo. Goti ndilo linamsumbua, lakini mdomo wake hauna maumivu yoyote, unamjua mwenyewe.

Aliyekuletea barua hii ni Husna, binti wa Mwalimu Hamisa wa Chanika. Ulimwacha akiwa wa kusuka nywele mbili-mbili, sasa amekuja huko kusoma chuo. Nimemwagiza akufuate siku ambayo huendi kazini, mle kwanza, ndipo akupe barua, halafu asinyanyuke mpaka umemaliza kusoma. Kama amekupa mlangoni akakimbilia basi, mwite arudi. Na kama hamjala, iweke chini barua, kuleni. Nasema kweli, iweke chini.

Basi najua umeshaelewa. Mtoto wa kwetu haletewi barua na mtu aliyeagizwa akae naye, asijue maana yake.

Shukuru, kaka Eliasi hatunaye. Alifariki Jumatano ya tarehe tisa Aprili, saa mbili asubuhi, hospitali hapa Korogwe. Ni figo. Nilikuwa nimemshika mkono wa kushoto, mkewe Fausta amemshika wa kulia. Tulimzika Ijumaa nyumbani kwake Chanika, nyuma ya mipapai yake ile isiyozaa.

Najua sasa hivi unahesabu miezi kwa vidole. Najua pia kwamba Jumapili iliyopita ulipata ujumbe kutoka kwenye simu yake, na Jumapili ya kabla ya hiyo, na zote za nyuma. Aliyeandika ni mimi. Tangu Aprili, mtu aliyekuwa anakuendeshea mchezo ni mimi, kila neno.

Mwambie Husna akupe maji. Mimi nakusubiri hapa hapa kwenye mstari huu.

Acha nirudi nyuma kidogo, maana mkono unakataa kwenda mbele.

Wewe ulijiunga na mchezo ukiwa kidato cha pili, ukaukuta umeshakomaa. Hukuuona ukizaliwa. Kaka alipangiwa kazi yake ya kwanza Vugiri, juu kule kwenye ukungu, umeme hakuna, redio inakoroma tu. Mwalimu mwenzake mmoja alikuwa na kopi ya kitabu cha mchezo wa Wazungu, mchezo wa kusimulia mezani, ambapo kila mmoja anakuwa mtu fulani ndani ya hadithi, na bahati yake inaamuliwa na dadu za pande nyingi. Kaka akakimaliza kwa siku tatu, akakirudisha. Akasema mchezo mtamu, ila mashujaa wake wanakula jibini na kupigana kwenye theluji, sasa sisi humo tutakaa wapi? Akaanza kutunga wa kwetu.

Dadu ya pande ishirini angeitoa wapi Vugiri? Akaokota vizibo vya soda ishirini, akavigonga namba kwa msumari, akavitia kwenye kopo la maziwa. Unafumba macho, unatikisa, unatoa kimoja. Nchi ya hadithi akaiita Kwemivumo, akaichora kwenye karatasi ya ndani ya mfuko wa saruji: milima ya ukungu, mbuga, na mto mkubwa uliokauka kwa sababu nyoka ameumeza wote, maji na samaki wake. Kazi yetu kumtafuta nyoka. Ukisema kwa haraka unaonekana mchezo wa watoto, lakini wewe umekaa kwenye ule mkeka, unajua. Kuna Jumamosi Mwalimu Hamisa, mtu mzima, mama wa watoto wanne, alitoa kizibo namba moja, kile cha mkosi kuliko vyote, akaangua kilio, majirani wakachungulia dirishani.

Halafu, kaka alipohamishiwa Chanika, zikaja namba za wachezaji. Babu yetu alikuja kutoka Tabora kukata mkonge, na pale shambani hakuna aliyemwita Kasanda, aliitwa mia nne na kumi na mbili. Ndiyo maana hadi leo sisi ni wajukuu wa manamba, na mtu akitaka kutuudhi anajua pa kugusa. Kaka akasema kwenye mchezo wake kila mtu atakuwa na namba na hataionea haya. Akatafuta vifuniko vya makopo ya rangi ya viatu, akaandika kwa mkono wake. Hakuzipanga kwa kufuatana: Muhsin tatu, Hamisa nne, mimi na mtu wangu Bibi Sindano tano, wewe ukaja kupewa saba. Yeye hakuchukua. Alisema mwendesha mchezo ni kama karani, hana namba.

Na ile sheria ya kifo unaikumbuka ilivyopatikana? Muhsin, siku yake ya kwanza kabisa, mtu wake Simba wa Chanika akamezwa na nyoka kabla hata chai haijapoa. Akanuna wiki tatu. Kaka alikwenda dukani kwake kununua spea ya pikipiki, Muhsin akamwambia hakuna, na spea zinaning'inia nyuma ya kichwa chake! Ndipo kaka akaketi akaandika: mtu wa mchezo hafi kwa kizibo kimoja. Anakufa pale wenzake wote wanapogeuza namba zao kifudifudi, kila mmoja kwa mkono wake. Kabla ya hapo yuko njiani, na aliye njiani anasemeshwa. Muhsin akatubembeleza tumwonee huruma, hakuna aliyegeuza, na Simba akatoka tumboni mwa nyoka akinuka samaki.

Wewe ukaja na mtu wako, ukamwita Pilipili. Kaka alikuuliza mara mbili kama una hakika na jina hilo. Ukasema ndiyo, mdogo lakini anawasha. Tulicheka!

Ulipoondoka mwaka 2018, nilidhani Pilipili ameishia hapo. Kaka akakataa katakata. Akasema nyumba yetu haijawahi kula bila kumwekea fungu aliyesafiri, kwa hiyo Pilipili fungu lake litawekwa. Namba yako akaitundika msumarini ukutani. Jumamosi tunacheza Chanika, mimi nikiweza kupanda kutoka Korogwe, na Jumapili baada ya ibada anakaa barazani na simu, anakuandikia Pilipili amefika wapi, ameona nini, halafu anamalizia na lile swali lake: Unafanya nini? Hakuuliza kamwe unataka nini. Alisema kutaka hakumsogezi mtu hata hatua moja. Na jibu lako likija, anatikisa kopo kwa niaba yako, anatoa kizibo, anakiweka juu ya meza mpaka Jumamosi ili sote tukione. Miaka saba. Akiumwa malaria, akiwa na mitihani ya kusahihisha, alikuandikia.

Ugonjwa ulianza Januari, miguu ikavimba. Februari nikamleta kwangu, awe karibu na hospitali. Akasema Shukuru asiambiwe mpaka nipone. Tukamtii. Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humuumbua. Sisi tulificha maradhi, halafu tukaficha na kilio.

Hapa usimlaumu mama yako kabla hujanisikia. Asubuhi ile ile, mwili bado uko hospitali, watu wazima walikaa kwangu. Unajua kwetu habari ya msiba hapewi mtu aliye peke yake. Anatafutwa wa kumshika kwanza. Na wewe huko ni nani wa kukushika? Mama mdogo akakumbusha habari ya kijana wa Bernadina, aliyepigiwa simu akiwa ugenini kwamba baba yake amefariki, akatoka mbio chumbani, akaanguka kwenye ngazi, na mguu ule hadi leo haujanyooka. Tena karatasi zako za ukaazi zilikuwa bado, ukitoka usingerudi. Mama yako akasema, ataambiwa siku atakapokuwa na karatasi na kuna mtu wa kukaa naye. Akapiga magoti, Shukuru, na goti lile bovu, akatuomba. Nani angemwambia hapana?

Tukawapigia simu watu zaidi ya thelathini, hakuna kuweka picha, hakuna kuandika pole popote. Muhsin alikuwa ameshaweka mshumaa kwenye stetasi. Akautoa baada ya dakika nne, lakini wewe ulishauona. Ukamuuliza nani amefariki. Akakujibu jirani. Mtu mwenye kifua kama mlango, akaja akakaa jikoni kwangu akalia kama mtoto aliyepotezwa sokoni, anasema nimemfanya Eliasi jirani.

Nikueleze mazishi, maana ni haki yako. Watu walijaa. Watoto wa shule yake walisimama mistari kama kwenye paredi. Muhsin ni Mzigua na sisi wajukuu wa Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani, na mtani msibani hana adabu. Jeneza lilipofika ukingoni akazuia watu, akavaa kofia ya kaka, akaweka mikono kiunoni kama yeye, akainama akaliambia jeneza: “Haya mwalimu. Umefika mwisho wa barabara, mbele shimo, nyuma watu wanakulilia. Unafanya nini?” Watu wakacheka, Shukuru. Nilicheka mimi, mchungaji alicheka. Kisha tukasubiri. Kweli, tulisimama pale kama watu wanaosubiri jibu, na Fausta ndiye aliyeanza kulia, tukafuata wote.

Jumapili hiyo, siku mbili tu baada ya kuzika, simu ya kaka ikalia kwenye kabati. Ulikuwa umeandika: Kaka, vipi leo, Pilipili anasubiri. Fausta akanitazama. Akasema, usipomjibu atapiga, na akipiga mimi siwezi. Nikaichukua ile simu, nikakaa barazani kwenye kiti chake.

Mimi si mtungaji. Kazi yangu ni kupima mabega ya watu. Niliandika sentensi tatu kwa saa nzima, nikizifuta na kuzirudia, natazama jumbe zake za zamani nione anaweka nukta wapi. Nikaandika kwamba Pilipili anafika kivukoni, mto umerudi, upo mzee wa kivuko anakaa karibu na moto, anakohoa. Nikamalizia, Unafanya nini? Hakika nilidhani utanigundua pale pale. Ukajibu: Namsalimia shikamoo. Nikaangua kicheko na machozi kwa pamoja, Mungu anisamehe.

Kuna wiki ulinibana. Ulisema, kaka mbona siku hizi unaandika hahaha, wewe si mtu wa hahaha. Nilitokwa jasho! Nikasema nimeambukizwa na wanafunzi. Ukatuma ujumbe wa sauti, ukaomba na wewe usikie sauti yake. Nikasema koo linauma. Ukanielekeza tangawizi na limau, na kila siku kwa wiki nzima ukauliza koo linaendeleaje. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko yote, kwamba ulimuuguza marehemu na mimi nikakuacha umuuguze.

Sasa niseme lililo zito. Hapo juu nimekuuliza habari za mgongo. Mimi hukuniambia habari za mgongo, ulimwambia kaka. Na mwezi wa sita ulimwambia mengine. Kwamba unalia chooni kiwandani ili wenzako wasione. Kwamba kuna jioni ulisimama darajani ukatazama maji mpaka mtu usiyemjua akakushika bega. Yale hayakuwa yangu kusoma, nami nimeyasoma. Sijamwambia mtu hata mmoja, si mama yako, si Fausta, wala Husna hapo alipo hajui. Naomba radhi kwa macho yangu.

Siku ile nilizima cherehani, nikamrudisha mteja na kitambaa chake. Nilitaka kukupigia, lakini ningekupigia kama nani? Nikakujibu kwa njia pekee niliyokuwa nayo. Nilikuandikia kwamba Pilipili amekaribia sana ukingo na ardhi pale ni laini, mzee wa kivuko amesimama anamwita arudi akae karibu na moto, chai imeshachemka. Unafanya nini? Ulikaa kimya kama dakika arobaini. Sijawahi kuomba Mungu namna ile, hata kaka alipokuwa kitandani. Kisha ukaandika: Amerudi. Amekaa karibu na moto. Na siku tisa mfululizo nilikuuliza asubuhi na jioni, ukanijibu bado amekaa, bado amekaa, siku ya tisa ukasema mzee ampe na kiazi. Nikajua sasa njaa imerudi. Na yale maneno uliyoandikiwa siku zile, kwamba kurudi nyumbani si kushindwa, yalikuwa yangu. Sijui kaka angekuambia nini. Huenda angekuambia kitu bora zaidi.

Kuna jambo ninaloona aibu kuliandika. Nilianza kuzipenda zile Jumapili. Nikiandika, kaka alikuwa hajafa. Nilimsikia anavyokohoa, anavyochelewesha habari makusudi ili tumshike shati. Nikimaliza naweka simu kabatini, anakufa tena. Nadhani hata kama mama yako angeniruhusu mwezi wa tano, ningetafuta sababu ya kusubiri.

Lakini mchezo una namna yake ya kumuumbua mtu. Kaka ameacha madaftari kumi na moja. Nimeyasoma yote, na ukurasa wa mwisho umeandikwa: Wakifika ng'ambo, basi. Hakumalizia. Sijui alikuwa ameweka nini upande wa pili wa mto, kama ni nyoka au ni mji au ni nyumbani. Ningeweza kubuni, nikaogopa kumtungia. Ndiyo maana miezi mitano Pilipili hajavuka. Mara mtumbwi umetoboka, mara mzee ana homa, mara maji yamejaa. Ulivumilia sana, mdogo wangu, ulisaidia hadi kuziba mtumbwi kwa ulimbo.

Mwezi uliopita ukapata karatasi zako, ukatuma picha ya kadi na wewe unacheka na meno yote, umezungukwa na wenzako wa kiwandani mnakula. Mama yako aliibusu simu. Siku mbili baadaye ukaandika: Pilipili anamuuliza mzee wa kivuko, mbona hunivushi? Kuna nini ng'ambo ambacho hutaki nikione? Halafu ukaongeza neno ambalo hujawahi kuliandika miaka yote hiyo, maana siku zote lilikuwa la kaka. Uliandika: Mzee, unafanya nini?

Niliifunika simu kwa kitenge cha mteja. Nililia mpaka fundi wa viatu wa jirani akaja na stuli yake akakaa mlangoni bila kuuliza kitu. Jioni ile nikaenda kwa mama mdogo nikamwambia basi, imetosha, mtoto ana karatasi na Husna anasafiri Septemba. Akatikisa kichwa kukubali. Akasema mwambie mimi ndiye niliyeomba. Nimekuambia.

Ningeweza kukupigia, lakini kwa simu ungeisikia sauti yangu ikitetemeka ukaanza kunibembeleza wewe, nakujua. Nilitaka uwe na kitu unachoweza kukitupa ukutani kisha ukakiokota.

Pamoja na barua Husna amebeba kitu kingine kwenye kitambaa. Ni namba yako. Nimeitoa msumarini mwenyewe, imeacha duara jeupe ukutani kwa Fausta. Ile saba ni mkono wake, unaona alivyoikata katikati, kama alivyowafundisha watoto wa darasa la kwanza.

Siku ya arobaini tulikaa kwenye mkeka. Hakuwa na namba, karani yule, lakini tukakubaliana sheria yake ni lazima imhusu na yeye. Muhsin akageuza tatu. Hamisa akageuza nne, akaifunika na kiganja muda mrefu. Walipofika kwangu sikuweza. Ningeigeuzaje asubuhi, na jioni nikuandikie kwa jina lake? Na yako ilikuwa msumarini. Kwa hiyo kwa sheria aliyoandika mwenyewe kaka bado yuko njiani, Shukuru. Tumemchelewesha mimi na wewe, wewe bila kujua na mimi nikijua. Aliye njiani anasemeshwa. Basi msemeshe. Mgombeze kwa kukuficha, mwambie uliyomwambia na ambayo hukumwambia, safari hii hakuna mwingine atakayesoma.

Ukitaka kunikasirikia, una ruhusa yote. Usipotaka kunisikia hadi Krismasi, nitakaa nikusubiri. Ila usikae na hili peke yako, mwambie Husna, mwambie yule mwenzako wa kwenye picha mwenye kofia nyekundu. Muhsin ameapa simu yake haitazimwa, hata akiwa chini ya pikipiki. Siku utakapokuwa tayari kugeuza namba yako, nipigie. Niite kwa jina langu, maana nimechoka kuitwa kaka. Nitaleta ya kwangu nyuma ya ile mipapai, uhesabu wewe, tugeuze kwa pamoja.

Fausta anakusalimu, na watoto wake Raymond na Mwaija, ambaye sasa ndiye mtunza kopo la vizibo na hamruhusu mtu kulishika. Muhsin anakusalimu, anasema anaomba radhi kwa lile neno jirani. Mwalimu Hamisa anasema mwangalie Husna kama mdogo wako. Mama yako hana salamu, ana maombi tu, yuko kanisani tangu jana na goti lake. Mungu wa babu yetu, aliyemjua hata pale alipoitwa kwa namba, akufunike mabega huko uliko, akupe usingizi na wa kukuamsha.

Basi, nimalize kama tulivyozoea. Ni asubuhi Kwemivumo, ukungu umepanda. Mzee wa kivuko ameondoka bila kuaga. Mtumbwi ameuacha umefungwa, umezibwa vizuri, kasia liko ndani. Kwenye moto, mahali pake, amekaa Bibi Sindano. Amekuwa pale siku nyingi akijifunika koti la mzee, na leo amelivua. Hajui kama Pilipili atakubali kuvuka naye. Mto unasikika, ng'ambo haionekani.

Unafanya nini?

Dada yako akupendaye,
Hilaria